Maneno ya Mume na Mke kwa Waliochelewa Kuanza Nyumba

(Hotuba iliyosomwa na walimu wawili, mume na mke, mbele ya walimu na Wakristo wa mitaa, siku ya pili ya Yubilei.)



Tulipoombwa kusema katika Yubilei hii tulidhani tutaambiwa kunena habari za shule, kwa kuwa sote wawili tu walimu, na kazi hiyo tumeifanya zaidi ya miaka 30. Lakini Padre wetu akasema, La, shule zina wasemaji wengi. Ninyi semeni habari ya nyumba yenu, maana walimu vijana huiuliza kwa siri, na siri hiyo yawadhuru. Basi tukakaa mezani, mume upande huu na mke upande huu, tukayaandika maneno haya pamoja. Mahali tulipobishana hatukupafuta.

Habari yenyewe ni hii. Tulioana Januari mwaka 2009, mume akiwa na miaka 41 na mke miaka 37. Hatukuchelewa kwa uvivu wala kwa kiburi, kama wengine walivyonena. Mke alikuwa mzaliwa wa kwanza. Baba yake alifariki akiacha watoto sita, na mshahara wa mwalimu ndio uliowavika wadogo zake watano na kuwalipia ada, mpaka yule wa mwisho akamaliza chuo. Mume naye alisoma, kisha akafundisha, kisha akasoma tena, na kila alipoifikiri posa aliona nyumba yake bado haijaezekwa bati. Twajua kwamba humu ndani wamo wengi wa namna yetu. Hatukuja kuwalaumu. Tumekuja kuwaambia mambo tuliyoyajua sisi baada ya kupoteza miaka miwili na nusu, na miaka hiyo hatukuwa nayo ya kupoteza.

Baada ya arusi kila mmoja alirudi kwenye kituo chake cha kazi. Shule ya mume ilikuwa wilaya moja na shule ya mke wilaya nyingine, na kati yake ni mwendo wa basi wa siku nzima; wakati wa masika ni siku mbili. Tulionana likizo ya Juni na likizo ya Desemba, na mara chache mwisho wa mwezi, mshahara ulipowahi. Mwaka wa kwanza ukapita, mimba hakuna. Tukaanza kuambiana, Tumejaribu mwaka mzima. Watu wa nyumbani nao wakasema neno lile lile, ila wao walilisema kwa sauti.

Baadaye sana, daktari alipotukalisha mbele yake, siku ile ya kwanza hakutupima kitu. Alichukua karatasi akaandika miezi 12 ya mwaka uliopita. Akamwuliza mke siku zake za hedhi, akazitia alama. Akamwuliza mume siku alizofika nyumbani na siku alizoondoka, akazitia alama nyingine. Kisha akatugeuzia karatasi tuione. Katika mwaka ule mzima, siku zetu na siku za yai zilikutana mara mbili tu. Akasema, Mwalimu, ninyi hamkujaribu mwaka. Mmejaribu mara mbili.

Tuliona haya. Mke alikuwa mwalimu wa sayansi. Mchoro wa mirija ya uzazi amekwisha kuuchora ubaoni hata hawezi kuhesabu ni mara ngapi, na siku zake mwenyewe hakuzihesabu. Kwa hiyo tusameheni tukisema hapa jambo ambalo wengi wenu mwalifundisha. Yai la mwanamke likisha kutoka huishi saa 12 hata 24, basi. Mbegu za mume huweza kuishi ndani ya mwili wa mke siku kadhaa, hata 5. Kwa hiyo katika mwezi mzima ziko siku kama 6 tu ambazo mimba yaweza kuingia, yaani siku 5 kabla ya yai kutoka, na siku ile ya kutoka. Yai hutoka kama siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, si siku 14 baada ya iliyopita, kama wengi wadhanivyo. Mwanamke ambaye mzunguko wake ni siku 28, yai lake hutoka karibu na siku ya 14. Lakini mwenye mzunguko wa siku 32 atazamie karibu na siku ya 18. Nayo si saa ya ukutani. Homa, safari na mashaka huweza kuiwahisha au kuichelewesha. Wanaokaa nyumba moja hawana haja ya kufanya hesabu kali. Wakiwa pamoja kila siku mbili au tatu, siku hizo hazitawapita. Lakini mwalimu aliyetengwa na mkewe kwa milima miwili na mto asipohesabu atafika kila mara siku za hedhi, kama alivyofika huyu.

Sasa yatupasa kusema habari ya miaka, na hapa twaomba mtusikilize kwa makini.

Mwanamume hutengeneza mbegu mpya kila siku, toka ujana hata uzee; mbegu moja huchukua kama siku 70 na zaidi kidogo mpaka imekamilika. Mwanamke sivyo. Mayai yake yote aliumbiwa alipokuwa mwenyewe angali tumboni mwa mama yake. Azaliwapo anayo kama milioni moja au mbili. Afikapo kuvunja ungo yamebaki kama 300,000 au 400,000. Na katika hayo yatakayopevuka na kutoka maishani mwake ni 400 au 500 tu. Mengine hufa kimya kimya, mwezi kwa mwezi, awe ameolewa au hajaolewa, awe na afya au hana. Tumeyafananisha na mbegu ya mahindi iliyotundikwa darini juu ya moshi wa jiko. Mwaka wa kwanza huota karibu yote. Ukiiweka miaka mingi, mbegu yapungua, na hata ile iliyobaki, mingine yaota na mingine haioti, nawe huwezi kuijua kwa kuitazama. Nguvu za mwanamke, sura yake, na hedhi yake kuja kwa wakati, hayo yote si dalili ya hali ya mayai. Mke alikuwa akilima ekari moja na nusu peke yake. Watu walimwambia ana mwili wa msichana. Mwili, ndiyo. Mayai yalikuwa na miaka 37.

Kwa kipimo cha madaktari, wawili walio vijana na wazima, kila mwezi wana bahati kama moja katika nne ya kupata mimba. Baada ya miaka 35 bahati hiyo hushuka upesi zaidi, na ifikapo miaka 40 ni kama moja katika kumi, wengine husema chini ya hapo. Neno hili si la kuwatia hofu. Moja katika kumi si sufuri, na mtoto wetu ni mmoja wa hiyo moja. Lakini mtu mwenye moja katika kumi asipoteze mwezi.

Ndiyo maana kanuni ya hospitali ni hii, nasi twaomba kila mwalimu aiandike. Mke akiwa chini ya miaka 35, na mmekaa pamoja mwaka mzima bila mimba, nendeni mkapimwe. Akiwa na miaka 35 au zaidi, msingoje mwaka. Ngojeni miezi 6. Akiwa amefika 40, msingoje. Nendeni mara mnapokusudia kupata mtoto. Na ikiwa hedhi haiji kwa mpango, au mmoja wenu aliwahi kuugua kisonono, au mke aliwahi kuugua tumboni baada ya kuzaa au mimba kutoka, nendeni mapema hata kama ni vijana.

Labda mtauliza, Ninyi wenyewe mlikwenda lini? Mke alikwenda mwishoni mwa mwaka 2010, peke yake. Sista wa zamu alimsikiliza kwa upole, kisha akasema, Mama Mwalimu, umeleta nusu ya ugonjwa; nusu nyingine umeiacha nyumbani. Akamwambia arudi na mumewe. Mume akakataa.

Maneno yafuatayo ni ya mume, ingawa twayasema sote. Alikataa miezi minane. Alisema, Mimi ni mzima. Alisema, Kwetu hakuna mgumba. Alisema ana mitihani ya kusahihisha. Kweli yenyewe ni kwamba aliogopa; aliogopa kupewa kichupa katika hospitali ambayo nusu ya wauguzi wake aliwafundisha kusoma. Tena aliogopa jibu. Mradi hakupimwa, kosa lilikuwa la mke, nayo desturi ilimsaidia kuliweka huko. Katika lugha zetu jina la mwanamke asiyezaa hutamkwa upesi, lakini mwanamume mkewe asipozaa huambiwa aoe mwingine. Twawaambieni wanaume wenzetu waziwazi: katika nyumba zinazokosa mimba, karibu nusu zina neno upande wa mume, la peke yake au pamoja na la mke. Kuwa na nguvu za kiume si dalili ya kuwa na mbegu, wala kuwa na mtoto wa zamani si hati ya kudumu.

Katika miezi hiyo minane shangazi alikuja. Twamheshimu, naye amekwisha kufariki. Alitupenda, na alitenda aliyoyajua. Alimpeleka mke kwa mganga wa mizizi, kijiji cha tatu kutoka kwetu. Mke alikunywa dawa chungu mwezi mzima akaharisha hata akakonda, tukalipa mbuzi wawili na fedha ya ada ya mdogo wetu. Hatusemi kwamba kila mti ni mbaya. Twasema kwamba mganga yule hakumwuliza mume hata swali moja, na dawa yake haikuwa na kipimo, na mizizi mingine hukaza tumbo la uzazi hata kutoa mimba iliyokwisha kuingia. Zaidi ya hayo ilikula wakati. Mbuzi hurudi, miezi minane ya mwanamke wa miaka 39 hairudi.

Mume alikwenda hospitali Julai mwaka 2011. Hakushawishiwa kwa hoja. Usiku mmoja alimkuta mke nje, ameketi juu ya kinu, anahesabu kwa vidole. Akamwuliza anahesabu nini, akajibiwa, Nahesabu mtoto akizaliwa mwakani atakuwa na miaka mingapi mimi nikistaafu. Asubuhi tulipanda basi pamoja.

Kipimo cha mume ni chepesi kuliko vyote, hakiumizi, na bei yake ni ndogo. Ndiyo maana kingepaswa kuwa cha kwanza. Hupimwa manii, wakatazama wingi wa mbegu, mwendo wake na umbo lake. Mwanamume wa kawaida ana mbegu zaidi ya milioni 15 katika mililita moja. Huyu hakufika hapo. Daktari akamwuliza kama aliugua karibuni, akasema aliugua malaria kali mwezi wa Mei. Akamwuliza kama avuta sigara, akasema paketi moja kwa siku mbili. Daktari akasema homa kali huweza kuharibu mbegu kwa wiki nyingi, na sigara huziharibu kila siku. Aache sigara, arudi baada ya miezi 3, kwa kuwa mbegu za siku hiyo zitakuwa zimetengenezwa upya. Aliacha. Novemba hesabu ilikuwa nzuri. Wengine jambo lao huwa jingine: mishipa iliyovimba juu ya korodani, ambayo mara nyingine hupasuliwa, matumbwitumbwi yaliyompata mtu akiwa mkubwa yakashuka chini, au maradhi ya zinaa yaliyoziba njia. Mengi yana dawa, mengine hayana, lakini hakuna lililopona kwa kufichwa.

Mke alipimwa damu, kisha akapigwa picha ya eksirei ambayo dawa hupitishwa katika mirija ili ionekane kama iko wazi. Mrija mmoja ulikuwa umeziba, mmoja u wazi. Palikuwa na uvimbe mdogo katika ukuta wa mji wa mimba, kama ule wanaokuwa nao wanawake wengi sana wa Kiafrika wafikapo umri huo. Daktari akasema uko mahali pasipozuia kitu, usiguswe. Twalitaja hilo kwa sababu tumewaona waliokimbilia kupasuliwa uvimbe usio na kosa.

Basi ugonjwa wetu ulikuwa nini? Mrija mmoja, sigara, miaka, na barabara. La barabara lilikuwa kubwa kuliko yote. Tukaandika barua ya kuomba uhamisho wa kumfuata mwenzi, na baada ya kwenda na kurudi katika ofisi moja mara nyingi kuliko tulivyokwenda hospitali, mume akahamishwa Januari 2012.

Mwezi wa Aprili mimba ikaingia. Mwezi wa Juni, wiki ya 10, ikatoka.

Neno hili tulibishana kama tuliseme. Mume alitaka tulipite. Mke alisema, Lisemwe, maana ndilo lililonyamaziwa kuliko yote. Watu wa mtaa hawakujua kwamba kulikuwa na mimba, kwa hiyo hawakujua kwamba kulikuwa na msiba. Jumatatu mke alikuwa darasani. Akatafuta kosa lake: ndoo aliyoibeba, baiskeli, hasira aliyomkasirikia mwanafunzi. Daktari akamwambia si ndoo. Kila yai na kila mbegu hupaswa kuleta nyuzi 23 za urithi, ziungane ziwe 46. Yai lililongoja miaka 40 mara nyingi hukosea hesabu hiyo likigawanyika. Uzi mmoja ukizidi au ukipungua, mimba nyingi za namna hiyo husimama zenyewe katika miezi ya kwanza. Uchunguzi mmoja mkubwa wa Norway, uliotangazwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba kwa wanawake wa miaka 25 hata 29, mimba iliyotoka ni kama moja katika kumi. Kwa waliopita 45, ni zaidi ya nusu. Umri wa baba nao huongeza kidogo. Basi ninyi mama mliopoteza mimba mkiwa watu wazima, wekeni ndoo chini; siyo iliyofanya hivyo.

Wakati mwingine uzi uliozidi haukatizi mimba, na mtoto huzaliwa. Ule unaojulikana zaidi huitwa ugonjwa wa Down. Mama wa miaka 35 ana nafasi kama moja katika 350 ya kumzaa mtoto wa namna hiyo, na mama wa miaka 40 kama moja katika 100. Someni hesabu hiyo kwa pande zote mbili: katika mama 100 wa miaka 40, 99 hawamzai. Na yule mmoja ni mtoto. Wamo katika mitaa yetu, na mmoja wao huimba kwaya vizuri kuliko mume aliye mbele yenu.

Mimba ya pili iliingia Februari 2013, mke akiwa na miaka 41. Safari hii tulikuwa tumejiandaa. Tangu alipopona ile ya kwanza alikuwa akimeza asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku. Dawa hii ni ya bei rahisi, nayo huwakinga watoto wengi na mgongo wazi. Lakini lazima ianzwe kabla ya mimba, kwa sababu mfereji wa uti wa mgongo hufungwa ndani ya wiki nne za kwanza, mama asijajua bado kama ni mjamzito. Ndiyo maana anayengoja kliniki ya mwezi wa tano amekwisha kuchelewa kwa jambo hilo.

Tena hakungoja mwezi wa tano. Desturi yetu ni kuificha mimba mpaka ionekane, nasi twaijua sababu yake. Lakini ifiche kwa jirani, usiifiche kwa mkunga. Shirika la Afya Duniani, tangu mwaka 2016, hutaka mjamzito aonwe mara 8, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki ya 12. Kwa mama mwenye umri hili ni la lazima zaidi, kwa kuwa shinikizo la damu na kisukari cha mimba humpata mara nyingi kuliko kijana, na vyote viwili huanza bila maumivu. Mke alijiona mzima kabisa. Kifaa cha kupimia ndicho kilichosema, wiki ya 30, kwamba shinikizo limepanda. Daktari alikuwa amempa asipirini ndogo ya kila siku tangu wiki ya 12 kwa kuogopa jambo hilo, na bila shaka ilisaidia, ingawa haikulizuia lote. Msinunue asipirini dukani kwa ajili ya neno hili letu. Ni ya kupewa na daktari aliyepima. Lakini dalili hizi kila mume azijue kama ajuavyo jina lake: kichwa kuuma sana, macho kuona giza au vimulimuli, maumivu makali chini ya kifua upande wa kulia, uso kuvimba ghafula, damu kutoka, mtoto kuacha kucheza. Ukiona mojawapo usingoje asubuhi. Kifafa cha mimba hakingoji.

Wiki mbili kabla ya siku zake mke alihamia karibu na hospitali, katika nyumba ya kungojea ya akina mama. Alikuwa mkubwa kuliko wote humo. Binti mmoja wa miaka 19 alidhani amekuja kumwuguza mwanawe. Mtoto alitolewa kwa kupasuliwa, Oktoba 2013, msichana, kilo 2 na gramu 700. Mume aliyekuwa hataki kuonekana hospitali alilala chini ya mwembe wake usiku tatu.

Wengine hutuuliza habari ya kupandikiza mimba, yaani yai kukutanishwa na mbegu nje ya mwili. Mtoto wa kwanza wa namna hiyo alizaliwa Uingereza mwaka 1978, na siku hizi kazi hiyo hufanyika Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Wako iliowafaa, hasa mirija yote miwili ikiwa imeziba. Bei yake ni nzito kwa mshahara wa mwalimu. Na jambo moja wasiloambiwa wengi ni hili: haiyarudishi mayai ujanani. Mwanamke wa miaka 43 akitumia mayai yake mwenyewe, wengi hurudi mikono mitupu hata huko. Makanisa nayo hayakubaliani juu ya jambo hili. Kila mtu aongee na padre wake kabla hajauza shamba.

Wala hatutaki mtu aondoke hapa akidhani kwamba kila aendaye mapema hurudi na mtoto. Tulianza safari hii pamoja na nyumba mbili nyingine, tulizofahamiana nazo katika benchi la kungojea. Moja ilipata mapacha. Nyingine haikupata, wala haitapata. Walijaribu yote, kwa wakati, mume na mke pamoja. Wanalea watoto wa kaka yake, na twakula kwao kila Krismasi. Mke wa nyumba hiyo ndiye aliyetuagiza neno moja kwa wahubiri, nasi twalifikisha. Mnapotufariji kwa habari ya Sara na ya Elisabeti, kumbukeni kwamba yeye huisikia akiwa ameketi kati ya mama wawili wenye watoto mapajani, na kwamba wengine wataigeuza kuwa, Basi ngojeni tu. Asemaye ngojeni kwa mwanamke wa miaka 38 na awe mwangalifu.

Neno jingine ni kwa mtaa wote. Shirika lile la Afya lilitangaza mwaka 2023 kwamba katika watu wazima 6, mmoja hupatwa na taabu ya kukosa mimba wakati fulani wa maisha yake. Benchi moja la kanisani hukaliwa na watu 6. Kwa hiyo mkitoka kanisani, acheni kuwauliza waliooana mwaka jana, Je, bado? Tuliulizwa swali hilo mlangoni mwa kanisa Jumapili moja mara nne, tulizihesabu. Na wakuu wa shule, mkimwona mwalimu anaomba ruhusa ya siku mbili aende hospitali na mkewe, mpeni, msimwulize sababu mbele ya wenzake. Na walio na sauti katika uhamisho wa walimu, someni barua zile za kumfuata mwenzi mkijua ni nini kinachongoja ndani yake.

Kwa walimu vijana waliokuwa wakituuliza kwa siri: ile karatasi ya daktari, yenye miezi 12 na alama za rangi mbili, tunayo mpaka leo, tumeibandika ndani ya mlango wa kabati. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, tangu saa nane, tutakuwa nyumbani kwetu nyuma ya shule. Yeyote atakaye tumfundishe kuandika ya kwake na aje; kalamu na karatasi zipo. Ila asije mke peke yake. Mume akisema ana mitihani ya kusahihisha, aje nayo, mwenzake huyu atamsaidia kuisahihisha.